Neno Ambalo Nesi Hakulitamka

"Unanisaidia, au unanitumia?"

Aliyeuliza alikuwa mwanamke mnene, kilemba kimemkaa upande, amesimama jikoni kwake akingoja maji ya chai yachemke. Mtaa mzima ulimwita Nesi, ingawa alikwisha kustaafu. Walikuwa na haki ya kumwita hivyo. Nusu ya watu waliopita nje ya dirisha lake aliwapokea yeye mwenyewe kwa mikono yake siku walipozaliwa.

Aliyeulizwa hakukimbilia kujibu. Kituoni wenzake walimpa jina la Inspekta Kimya, maana mahojiano yake yalikuwa na maneno machache kuliko ya askari yeyote. Aliuliza, akanyamaza, akamwacha mtu auogope ule ukimya mpaka aujaze mwenyewe.

"Yote mawili, mama," alisema mwishowe. "Nikisema ni moja tu, nitakuwa wa pili kukudanganya mwezi huu."

Nesi alimtazama, kisha akacheka kidogo puani. "Haya. Angalau wewe umesema mapema."

Inspekta alivuta kigoda akakaa. Alitaka wapitie jambo lile mara moja tena kabla wageni hawajafika.

Ilikuwa hivi. Wiki iliyopita, asubuhi, mtu aliyejiita daktari alimpigia Nesi simu. Alisema kitindamimba wake, kijana anayefanya kazi mgodini, ameangukiwa na mwamba. Amevunjika nyonga, damu inavujia ndani, lazima apasuliwe sasa hivi, na hospitali haitagusa kisu bila malipo. Nyuma ya sauti ile kulikuwa na mtu anaugulia. Daktari akaongeza, "Anasema mwambieni mama, Chiriku anaumia."

Chiriku lilikuwa jina la nyumbani, la kitoto, alilopewa kwa kilio chake chembamba. Mgodini hakuna aliyelijua.

Kufikia adhuhuri Nesi alikuwa ameuza pikapu ya marehemu mumewe kwa bei ya kutupa na kutuma kila alichopata. Jioni Chiriku alipanda kutoka chini ya ardhi, akachukua simu yake getini wanakoiacha wachimbaji wote, akampigia mama yake kumjulia hali. Alikuwa buheri wa afya, anauliza tu kama mvua imenyesha.

Inspekta alikwisha kufuata njia zote za kawaida. Laini iliyopiga ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mzee mmoja aliyekipoteza zamani. Fedha zilitolewa kwa wakala karibu na stendi, mahali penye msongamano, na wakala hakukumbuka chochote zaidi ya kofia. Njia zote mbili ziliishia ukutani. Ndipo akageuza swali. Badala ya kuuliza nani alipiga, akauliza nani alimpa mpigaji habari. Tapeli wa kawaida hurusha ndoano bila kujua kuna samaki gani chini. Huyu alimjua samaki, akajua na chambo anachokipenda.

"Nyonga," Inspekta alisema. "Nani mwingine umemwambia?"

"Wewe peke yako. Hata Chiriku mwenyewe sikumwambia." Nesi alipunguza moto. "Watu nimewaambia nimetapeliwa, nimeambiwa mtoto kapata ajali, basi. Baba yao aliteleza bafuni akavunjika nyonga, hakuinuka tena. Nilimuuguza mimi. Yule mtu alipotamka nyonga, afande, unesi wote ulinitoka. Nilibaki mama mtupu. Sasa hilo utamweleza nani akuelewe?"

"Umenieleza mimi."

"Mficha uchi hazai. Nilikuwa nawaambia hivyo wenye haya pale wodini."

Inspekta aliinama mbele. Shemeji yake Nesi, mdogo wa marehemu, alikuwa ameitisha kikao cha familia alasiri ile, na kila mtu alijua kinakuja na moto.

"Watakulaumu," alisema. "Ukijitetea, utasimulia. Ukisimulia, utayamwaga maneno yote ya yule daktari, nami sitaweza tena kujua nani aliyajua kabla. Kwa hiyo usijitetee."

"Nikae kama gogo?"

"Hapana. Likiwa la kweli, likubali. Lisipokuwa la kweli, lirudishe kwa mwenyewe, taratibu, bila kelele. Halafu nyamaza. Ukipiga kelele wataondoka, na mimi sitaki waondoke."

"Na nikilia?"

"Lia tu. Machozi hayatoi siri." Inspekta alisita. "Hata leo nisipoambulia kitu, mama, majibu hayo yatakufaa. Nimewaona wengi waliotapeliwa. Mali huwauma, lakini maneno ya ndugu ndiyo huwalaza kitandani."

 Nesi alimimina chai kwenye chupa, akafunga kifuniko kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"La mwisho," Inspekta alisema. "Ukisikia mtu anatamka jambo ambalo hukumwambia, usishtuke, usimtazame. Omba maji ya kunywa."

*

Wageni walikuwa watatu. Wa kwanza, shemeji mwenyewe, alijulikana kama Spika kwa kuwa hakuwahi kusema jambo ambalo jirani wa tatu hakulisikia. Wa pili alikuwa binti mkubwa wa Nesi, mwalimu wa sekondari, aliyeingia na macho yaliyovimba na kukaa mbali na mama yake. Wa tatu hakuwa wa ukoo. Alikuwa Mama Saluni, jirani wa ukuta kwa ukuta, rafiki wa Nesi wa kufa na kuzikana, mwanamke mwembamba mwenye vidole vilivyonukia dawa ya nywele. Alikuja na maandazi kwenye sahani iliyofunikwa kitambaa, akaanza kugawa vikombe kama mwenye nyumba.

Inspekta alimwangalia zaidi Spika. Alikuwa na sababu. Spika ndiye aliyemtafutia Chiriku kazi, hivyo alizijua zamu zake. Pikapu aliitaka tangu mazishi. Tena alasiri ile ya wizi alifika kwa Nesi akifoka habari za gari kabla Nesi hajamwambia kiumbe yeyote kwamba ameliuza.

Na jana, Inspekta alipopita saluni kuuliza maswali yake, Mama Saluni alimwinamia sikioni huku akikausha nywele za mteja. "Hata mimi kanificha, afande. Nasikia ajali, ajali, basi. Mimi ninayemsuka! Lakini ukinisikiliza mimi, tazama upande wa marehemu." Pembeni, kwenye meza ndogo, kijana mmoja aliyekuwa akifungua simu ya mtu vipande vipande hakuinua kichwa.

"Samahanini," Inspekta alisema wakati vikombe vilipokwisha kujaa. "Kituoni wananipigia."

Alitoka barazani, akasimama kando ya dirisha lililokuwa wazi, simu sikioni. Upande wa pili wa simu hapakuwa na mtu. Pazia lilipepea kidogo, na kila lilipopepea alisikia kijiko kikikoroga chai ndani.

Hawakuchelewa.

"Nesi mzima!" Spika alilipuka. "Umezalisha mtaa mzima! Umepima watu presha miaka nenda rudi! Leo mtu humjui, humwoni, anakupigia simu tu, unauza gari la marehemu kama unauza fungu la nyanya!"

Kijiko kilisimama. Inspekta alihesabu pumzi ya Nesi: moja ndefu, ikatoka.

"Nimekusikia, shemeji. Gari nimeliuza, tena kwa bei mbaya. Hilo ni kweli."

"Sasa!"

"Na aliyenidanganya ni mwizi. Hilo nalo ni kweli."

Spika alikuwa amejiandaa kwa vita, na vita havikuja. Alichukua andazi.

"Mama." Sauti ya binti ilikuwa ya kukwaruza. "Simu yangu ilikuwa wazi. Nilikuwa na kipindi cha bure asubuhi yote. Ungenibipu tu. Mara moja tu."

"Kweli, mwanangu. Sikukupigia."

"Kwa nini?"

"Yule mtu alinikataza nisikate simu, nikamtii. Siku nyingine nitakata, nitakupigia wewe kwanza."

"Wanafunzi wananicheka, mama. Jana mmoja aliniuliza kama kweli... Mimi nina hasira! Nashindwa hata kukuonea huruma, ndiyo inayoniuma."

"Hasira si dhambi. Njoo ukae nayo hapa karibu."

Kiti kilikwaruza sakafu. Kisha kikaja kilio cha kubanwa, cha mtu anayelia kwenye bega la mwingine. Inspekta alibadilisha simu kwenda sikio la pili.

Lakini Spika alikuwa amemaliza andazi. "Mimi sielewi! Asubuhi ile kila mtu anajua kijana yuko chini, simu kaiacha getini! Mtu mwenye akili angejiuliza, daktari gani huyu anayempata mgonjwa kabla ya mgodi wenyewe?"

Inspekta aliukaribia ukuta. Alisubiri neno maji. Halikuja. Badala yake Nesi alisema jambo ambalo hawakupanga.

"Shemeji, zamu zake unazijua, kazi ulimtafutia wewe, na Mungu akulipe. Ila nami nikuulize. Siku ile ulifika hapa unafoka habari za gari. Nani alikuambia nimeliuza?"



"Aliyelinunua!" Spika alijibu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipungua. "Alinipigia anataka ufunguo wa akiba. Marehemu alikuwa anauacha kwangu, wewe si unajua. Mimi nilidhani gari limeibiwa. Nilikuja mbio hata viatu nimevaa vya mke wangu! Halafu... unanishuku mimi, shemeji?"

"Nimeuliza tu. Umejibu. Nashukuru."

Barazani, Inspekta alikumbuka muuza magari aliyeinunua pikapu akipekua droo yake juzi, akilalamika kwamba gari ameletewa likiwa na ufunguo mmoja, wa pili umekuja baadaye. Hakuwa ametaja nani aliuleta, na yeye hakuuliza. Jambo dogo, simu moja ingelimaliza. Lakini wingu lililokuwa juu ya Spika lilianza kukatika katikati.

"Jamani, jamani, muacheni mwenzenu!" Hiyo ilikuwa sauti ya Mama Saluni, laini, ya kupoza. "Mnamkalia kooni kama yeye ndiye mwizi. Nyie mngefanyaje? Mzazi aambiwe mwanawe kavunjika nyonga, na baba mtu alikufa kwa nyonga hiyohiyo, atakuwa na akili ya kuuliza maswali? Dada yangu, usijilaumu. Kunywa chai."

"Hilo nalo neno," Spika aliguna.

Hakuna aliyeshtuka. Neno lilikatiza chumbani kama paka wa nyumbani, na hakuna aliyegeuza shingo kulitazama.

Inspekta aliteremsha simu kutoka sikioni.

"Naomba maji ya kunywa," Nesi alisema.

"Kaa, dada, nakuletea mimi," Mama Saluni akajibu, na viatu vyake vikasikika vikielekea jikoni.

*

Alipoingia, Inspekta alimkuta Nesi ameshika glasi kwa mikono miwili, hajainywa. Mama Saluni alikuwa amesimama nyuma ya kochi, mkono begani mwa rafiki yake.

"Nina swali moja kwenu nyote," Inspekta alisema huku akifunga mlango nyuma yake. "Yule tapeli alisema kijana ameumia wapi mwilini?"

Spika alikunja uso. "Wapi? Si ajali tu? Mimi nilidhani kichwa."

"Mimi sijui," binti alisema. "Mama hataki kuzungumzia." Kisha macho yake yakaanza kusafiri polepole kuelekea nyuma ya kochi.

"Mama Saluni?"

Mkono uliokuwa begani uliondoka. "Si nyonga? Aliniambia mwenyewe."

"Sikukuambia," Nesi alisema.

"Uliniambia, dada. Ulikuwa umechanganyikiwa, hukumbuki. Siku ileile, ulikuja pale kwangu unalia."

"Jana uliniambia mimi hajakuambia kitu," Inspekta alisema. "Ulisema kakuficha, wewe unayemsuka."

"Nilikuwa... pale kulikuwa na mteja, afande. Siwezi kutoa siri ya mtu mbele ya mteja."

"Ulininong'oneza sikioni. Tena ukanielekeza kwa huyu bwana."

"Kwa nani?" Spika alisimama. "Kwangu mimi?"

Inspekta aliinua kiganja, na Spika, kwa ajabu, akakaa. Kisha Inspekta akafanya lile lililompa jina. Alinyamaza. Alimtazama Mama Saluni bila ukali na bila huruma, kama mtu anayesoma saa ya ukutani. Mama Saluni alitengeneza kitambaa cha sahani. Akakitengeneza tena. Akamtazama Nesi, na Nesi hakumkwepa.

"Ni mazungumzo tu," alisema hatimaye. "Saluni watu wanaongea, mnajua wenyewe. Mdogo wangu yuko pale kutwa na simu zake za kutengeneza, anasikia. Akawa ananiuliza. Yule mama wa jirani ana watoto wangapi, wanaitwaje, mume alikufa na nini. Mimi nikamjibu. Nilijua ni umbea."

"Na zamu za mgodini?"

Mama Saluni alikikunja kitambaa cha sahani.

"Mama Saluni. Zamu?"

"Aliniuliza siku gani kijana hapatikani kwenye simu." Sauti ilishuka. "Nikamwambia."

"Baada ya hapo ukajua."

"Jioni ile alinisimulia yote, akaniletea... alisema ni ya kodi ya chumba cha saluni. Nilikuwa karibu kufungiwa, afande! Ningefanyaje? Yeye ndiye aliyepiga simu, si mimi. Mimi sikumwomba mtu kitu!" Sasa alimgeukia Nesi, na uso uliokuwa wa kupoza ukabadilika, ukawa mkali kama umepigwa kofi. "Na wewe naye! Mtu mzima, umesoma, umefanya kazi hospitali! Nani alikutuma uuze gari kabla ya kumuuliza hata mtu mmoja? Ungekuja hata kwangu tu, nilikuwa pale mlango wa pili! Ungekuja ukaniuliza, ningeku..."

Hakuimaliza. Binti aliruka kutoka kwenye kiti na Spika akamdaka mkono. Inspekta alipiga hatua moja mbele. Nesi peke yake hakutikisika. Aliweka glasi mezani, imejaa vilevile.

"Nimekusikia," alisema.

Mama Saluni alikuwa anahema.

"Ni kweli sikumuuliza mtu. Niliamini kwa sababu nampenda mwanangu, na hilo kesho nitalirudia, na keshokutwa pia. Silionei haya tena." Sauti yake ilitetemeka kidogo, akaiacha itetemeke. "Ila asubuhi ile ulinisikia napita mlangoni kwako nalia. Ulitoka. Ukaniuliza dada kuna nini, nikakuambia ajali, ukanikumbatia. Hapo tayari ulijua zamu za mwanangu umemwambia nani. Hilo si langu. Hilo mweleze afande."

Mama Saluni aliketi sakafuni, pale pale alipokuwa, kitambaa cha maandazi mkononi.

Inspekta alimpa muda mfupi, kisha akanyoosha mkono. "Simu yako."

Alipewa.

"Mdogo wako yuko saluni sasa hivi?"

Akatikisa kichwa. "Ameenda stendi. Ana rafiki pale, anauza kofia."

Inspekta alimpigia mwenzake aliyekuwa ndani ya gari mwisho wa mtaa, akasema maneno matatu tu, akamwinua Mama Saluni kwa kiwiko. Mlangoni Spika aliwafuata, safari hii ananong'ona, na mnong'ono wake ulikuwa sawa na mazungumzo ya watu wengine.

"Afande. Kwani mimi mlinishuku kweli?"

"Tangu juzi."

"Kwa kosa gani?"

"Kelele."

Spika alibaki pale kibarazani. Getini majirani walikwisha kujikusanya, wameona gari la polisi, na mwanamke mmoja aliyebeba kapu alikuwa tayari anamweleza mwenzake, kwa sauti ya kusikika, kwamba siku hizi wazee wanatapeliwa kwa tamaa zao wenyewe.

Spika alivuta pumzi kifua kizima. Inspekta, aliyekuwa akimwingiza Mama Saluni kwenye gari, aligeuka kumzuia. Lakini pumzi ile ilitoka bila mlipuko wowote.

"Shemeji yangu alidanganywa," Spika alisema, taratibu, kama mtu anayejifunza lugha ngeni. "Aliyemdanganya anatafutwa. Wewe mama, una lingine?"

Mwanamke wa kapu alihamishia kapu mkono wa pili, akaenda zake.

Gari likaondoka kuelekea stendi. Kwenye kiti cha nyuma Mama Saluni alianza kulia, na Inspekta Kimya akamwacha alie, huku akiangalia kofia za watu barabarani, moja baada ya nyingine.